Tairi la Theluji Bungu: Limekwisha Lini?

Pale Bungu, njia ya Nyamisati inapochepuka kutoka Barabara ya Kilwa kuelekea delta ya Rufiji, si ajabu kukuta gari dogo la Japani likitembelea matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya barafu. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, au yamechorwa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Majina yake ni Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx. Mara nyingi mwenye gari hakuyachagua. Yalikuja na gari, au aliyanunua kwa fundi kwa sababu kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zilionekana nene kuliko za mengine kwenye rundo. Hapo ndipo swali la lini tairi limekwisha linapokuwa gumu. Tairi hili limekuja na alama mbili za kuisha badala ya moja, trafiki ana kipimo chake, fundi ana chake, mwenye gari anahesabu fedha, na masika haijamuuliza yeyote kati yao.

Kwanza tuone lilifikaje. Hadi miaka ya 1980, magari ya Hokkaido na Tohoku, kaskazini mwa Japani, yalipita kwenye barafu kwa matairi yenye vimisumari vya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini barafu ikishayeyuka ilisaga lami, na vumbi lake likajaa kwenye hewa ya miji kama Sapporo na Sendai mpaka likawa suala la afya. Mwaka 1988 Bridgestone wakatoa Blizzak, tairi la barafu lisilo na msumari. Mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuzuia vumbi hilo, na misumari ikaondoka barabarani. Tangu hapo wenye magari wa maeneo ya theluji huwa na seti mbili, moja ya miezi ya joto na nyingine ya miezi ya baridi. Gari linapouzwa na kupakiwa melini kuja Dar es Salaam, muuzaji hana sababu ya kulivalisha seti iliyo bora. Linakuja na ile iliyokuwa chini yake siku hiyo, na kama ilikuwa Januari, linakuja na ya theluji, tena iliyokwisha kutumika misimu kadhaa.

Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Wa tairi la theluji umechanganywa ubaki laini hata chini ya sifuri, na kashata zake zimechanjwa chale nyembamba nyingi ambazo hufunguka na kung'ang'ania barafu. Lete yote hayo Bungu, ambako mchana wa Februari hewa hupita nyuzi 30 na lami haikanyagiki kwa miguu mitupu. Ule ulaini uliokuwa sifa unageuka kasoro. Gari likipinda au likifunga breki, kila kipande cha kashata kinanesa. Kunesa kunazaa joto, joto linazidisha ulaini, na mpira unalika haraka. Dereva anahisi usukani umechelewa kumsikia. Breki inachukua umbali mrefu zaidi hata kwenye lami kavu. Mengi ya matairi haya yana herufi Q ubavuni, maana yake mwisho wa mwendo wake ni kilomita 160 kwa saa, na hilo peke yake si tatizo kwa mtu mwenye akili timamu kati ya Kimanzichana na Kibiti. Tatizo ni joto.

Sasa alama. Chini kabisa ya mifereji ya karibu kila tairi la gari kuna vinundu vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Ukitaka kuvipata haraka, tafuta begani mwa tairi herufi TWI au pembetatu ndogo, kisha shuka nayo mpaka kwenye mfereji. Kashata ikilika mpaka ikalingana na kinundu, tairi limefika kikomo cha kisheria katika nchi nyingi: Japani, Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya. Tairi jipya la gari dogo huanza na milimita 8 hivi, kwa hiyo mwenye kusubiri kinundu amekwisha kutumia sehemu kubwa ya mpira wake.

Tairi la theluji lina vinundu vingine, virefu zaidi, ambavyo begani huonyeshwa kwa mshale. Hivyo hufikiwa nusu ya kashata inapokuwa imelika. Huko lilikotoka, likifika hapo halihesabiwi tena kuwa tairi la theluji, hata kama bado lina mpira wa kutosha kwa barabara kavu. Austria sheria inataka tairi la baridi liwe na milimita 4, Sweden na Finland milimita 3. Kwa maneno mengine, seti nyingi zinazotua bandarini zikiwa na kashata za kuvutia macho zimekwisha kustaafishwa na mtu mwingine kwa kipimo cha kwao. Mnunuzi wa Bungu anaona nusu iliyobaki na kufurahi, na si haki kumcheka, kwa sababu Bungu hakuna theluji na ile alama ya mshale haimhusu moja kwa moja. Lakini ile ya 1.6 nayo haimtoshi. Kinachomhusu ni maji.

Madereva wa zamani wa Barabara ya Kilwa walilipima tairi kwa namna nyingine, na walikuwa na sababu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na sehemu kubwa ya safari ya kusini ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilikaa bila lami miaka mingi baada ya daraja lenyewe kukamilika. Kwenye barabara ya namna hiyo tairi lilipimwa kwa uwezo wa kung'ata tope na kustahimili mawe, na gari lilitembea polepole. Tairi lilikuwa zima mpaka nyuzi zilipochungulia. Lami ilipokuja, mwendo ukapanda, na hatari ikahama. Gari likikwama kwenye tope abiria wanashuka wanasukuma. Likipoteza mshiko juu ya maji kwa kilomita 80 kwa saa, hakuna nafasi ya kushuka. Kipimo cha nyuzi, hata hivyo, kilibaki vichwani mwa watu.

Hebu tuangalie kinachotokea chini ya gurudumu. Mvua ikinyesha kwa nguvu, tairi linalokwenda kasi linapaswa kusukuma pembeni lita kadhaa za maji kila sekunde ili mpira uguse lami. Njia ya maji hayo ni ile mifereji kati ya kashata. Ikiwa mifupi, maji yanakosa pa kupita, yanajikusanya mbele ya tairi, na gari linapanda juu yake. Usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki haina cha kushika. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, Walter Horne na Robert Dreher, walichapisha kanuni yao maarufu kuhusu jambo hilo. Walikuwa wakishughulikia ndege zinazotua kwenye maji, lakini hesabu yao inaeleweka hata kijiweni kwa fundi. Chukua upepo wa tairi kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa karibu 16.7, utapata kilomita kwa saa ambazo tairi lisilo na kashata, au lililozidiwa na kina cha maji, litaanza kuelea. Tairi lenye upepo wa 30 linaelea kwenye kilomita 91 hivi. Lenye 20, kwenye 75.

Namba hizo mbili zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwisho wa mwendo wa mabasi na malori Tanzania ni kilomita 80 kwa saa, na magari madogo nje ya makazi huenda zaidi ya hapo. Kwa hiyo gari dogo lenye matairi vipara na upepo uliopungua linaweza kupoteza mshiko likiwa nyuma ya basi, kwa mwendo ambao dereva wake anauita wa kawaida. Upepo na kashata ni mambo mawili yanayobebana. Mijadala yetu mingi kuhusu tairi lililokwisha huzungumzia kashata peke yake, ilhali fundi anaweza kuupima upepo bila kukudai chochote.

Kuhusu breki, taasisi ya MIRA ya Uingereza ililinganisha matairi mapya na yale yaliyofika milimita 1.6 kwenye lami iliyolowa. Umbali wa kusimama uliongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa matairi hushauri milimita 3 badala ya 1.6, na mimi kwa Barabara ya Kilwa nakubaliana nao bila kusita. Barabara hii inakatiza vijiji. Bungu yenyewe ina watoto wanaovuka kwenda shule, bodaboda zinazoingia barabarani ghafla, na akina mama wenye ndoo za machungwa wanaokimbilia dirisha la basi. Theluthi ya umbali wa kusimama ndiyo tofauti kati ya kumkwepa mtu na kumgonga.

Vipimo vya kitaalamu si lazima. Njiti ya kiberiti ya mti ina unene wa milimita 2 hivi. Ilaze ndani ya mfereji mkuu wa katikati. Ikizama na kuacha nafasi nyingine ya nusu yake juu, uko kwenye milimita 3, na huo ndio wakati wa kuanza kutafuta fedha. Ikilingana na uso wa kashata, wakati wa kutafuta umepita. Rula ya mwanafunzi inafanya kazi hiyo pia, mradi ukumbuke kwamba rula nyingi huacha nafasi kidogo kabla ya sifuri. Pima katikati, bega la ndani na bega la nje, maana tairi haliliki sawasawa. Likilika katikati, upepo umekuwa mwingi mno. Likilika mabegani yote mawili, umekuwa mdogo. Likilika bega moja tu, alaimenti imehama, na kununua tairi jipya bila kurekebisha hilo ni kumtajirisha muuza matairi. Bega la ndani ndilo linalosahaulika, kwa sababu halionekani mpaka ukunje usukani au ulale chini. Trafiki naye hulala chini mara chache.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba tairi hufa kwa kulika tu. Katika matairi ya mitumba, hasa ya theluji, umri mara nyingi hutangulia. Seti iliyotumika miezi minne kwa mwaka huko Japani inaweza kuwa na kashata nzuri ikiwa imeshatimiza miaka minane. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, au namba nne zilizofungiwa ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 4715 ni wiki ya 47 ya mwaka 2015. Zikiwa tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halistahili mazungumzo. Watengenezaji wakubwa, Michelin mmojawapo, hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya kutumika na liondolewe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa, kashata zisemeje. Ushauri huo umeandikiwa dunia nzima. Jua la Pwani linazeesha mpira kwa kasi zaidi, na tairi la theluji lililozeeka linapoteza hata ule ulaini wake. Linakuwa kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati, umbo lipo lakini ukilikunja linapasuka. Nyufa nyembamba ubavuni na kwenye mizizi ya kashata ndizo ushahidi. Ukiziona, njiti ya kiberiti haina kazi tena.

Kuna pia mzigo. Magari mengi madogo ya Bungu hayabebi watu wanne na begi. Yanabeba machungwa, mihogo, nazi, samaki wa Nyamisati, magunia ya mkaa. Namba ya uzito iko ubavuni pamoja na ile ya ukubwa: 79 ni kilo 437 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Matairi mawili yanaweza kuingia kwenye rimu ileile na kupishana kilo zaidi ya mia. Gari la mizigo lililotoka kiwandani na matairi ya LT, yaani ya lori dogo, likivalishwa ya gari la abiria, tena ya theluji, linakaa vizuri kijiweni, kisha ubavu unafura njiani likiwa limejaa. Tairi la namna hiyo limekwisha siku lilipofungwa.

Ukiwa na fedha ya matairi mawili tu, uyafunge wapi? Mazoea yetu ni mbele, kwa hoja kwamba la mbele likipasuka usukani unakuponyoka. Watengenezaji wanashauri kinyume: mazuri yakae nyuma. Kwenye maji, mbele kukipoteza mshiko gari linaendelea kunyooka na dereva anahisi mapema. Nyuma kukipoteza mshiko gari linazunguka, na dereva wa kawaida hajui la kufanya. Mbishi atasema hofu yake ni kupasuka na wala si kuteleza. Jibu ni kwamba tairi unalohofia litapasuka halifai kuwa mbele wala nyuma.

Baada ya yote haya, nani hasa anaamua? Kwenye magari ya biashara dereva hupeleka hesabu kila jioni na mwenye gari ndiye hununua matairi. Dereva anaona kashata kila asubuhi na hana fungu. Mwenye fungu yuko Mbagala na haoni kashata. Kila mmoja ana sababu ya kungoja. Faini ya barabarani nayo ni shilingi 30,000, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na bei ya tairi jipya la gari dogo. Anayehesabu kwa kalamu tu anaweza kuona nafuu kulipa faini na kuendelea. Sioni kwamba kupandisha faini kutabadilisha hili sana. Kinachoweza kubadilisha ni kulitoa tairi kwenye dharura na kuliingiza kwenye hesabu ya kila siku, kiasi kidogo kikikaa pembeni kama yanavyowekewa mafuta na oili. Wenye mabasi makubwa wanajua hivyo. Wenye gari moja bado.

Kutokana na mapengo hayo ya fedha zimezaliwa mbinu. Mojawapo ni kuchonga: fundi anapasha kisu moto na kuchimba mifereji upya kwenye kipara. Kuna matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa mpira wa ziada ili yachongwe, na yameandikwa REGROOVABLE ubavuni. La gari dogo halina mpira huo. Kinachochongwa ni ile ngozi nyembamba iliyobaki juu ya nyuzi, na tairi linatoka hapo likiwa na sura nzuri kuliko lilivyoingia na hatari kubwa kuliko kabla. Lile la lori lililovalishwa kashata mpya kiwandani ni jambo tofauti. Hata ndege hutumia matairi ya namna hiyo. Linaloonyesha kisu ni kingo za mfereji: za kiwandani zina nyuso laini na vinundu vya 1.6 chini, za kuchongwa zimeparuzika na hazina kinundu.

Haya yote yanahusu lami. Ukikunja kushoto Bungu na kushika njia ya Nyamisati, sehemu ya hukumu inabadilika. Huko mwendo ni mdogo, joto la tairi ni dogo, na kinachotakiwa ni kung'ata mchanga na tope la juu juu. Matairi mengi ya theluji yana herufi M+S, yaani tope na theluji, na mifereji yake mipana inajisafisha kuliko ya tairi la kawaida. Gari linalozunguka vijijini bila kupanda Barabara ya Kilwa linaweza kulitumia tairi la theluji ambalo mimi ningelikataa kwa safari ya Mbagala, mradi halina nyufa na halijavuka umri. Tabu ni kwamba magari hayajui kukaa upande mmoja. Gari lililoleta kamba kutoka delta asubuhi, jioni liko Mkuranga likifukuzana na malori. Dereva aliyepunguza upepo ili apite mchangani na asiurudishe alipofika lami ameshuka kwenye ile hesabu ya NASA bila kujua.

Kwa hiyo tarehe. Masika huanza Machi na kuishia Mei. Aprili 2024 mafuriko yaliingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikakata mawasiliano ya barabara ya Lindi upande wa Somanga. Miaka ya namna hiyo hakuna tairi linalosaidia barabara isiyokuwepo, lakini wiki za kabla yake, wakati maji yanatuama kwenye mikondo iliyochimbwa na malori, ndizo zinazopima kashata. Ukaguzi wa maana ni wa Februari. Una faida nyingine: msimu wa korosho huanza Oktoba, na mpaka Februari fedha ya mauzo imekwisha kupita mikononi mwa watu wa Kibiti, wenye magari wakiwemo. Anayengoja Aprili atanunua tairi kwa mkopo, kwenye mvua, bila kuchagua, na huenda akauziwa lenye mlima na nyota ya theluji ubavuni.

Linabaki swali la tairi lililovuliwa. Fundi huliomba, mwenye gari humwachia, na wiki ijayo linasimama kwenye rundo likiwa limepakwa rangi nyeusi. Kipara cha Dar es Salaam hushuka bei mpaka kikapata mnunuzi Bungu, kwenye gari ambalo lenyewe limeshuka bei. Kuna mahali pa haki pa tairi hilo: tela la maksai, mkokoteni, boya la kuzuia mashua isigonge gati, ndala za katambuga. Huko mwendo hauzidi wa mtu anayetembea. Ukitaka liishie kwenye boya au ndala na lisirudi barabarani, mwambie fundi apitishe kisu ubavuni kabla hujaondoka, na usimame pale mpaka amalize.